Injini ya mabomu ya atomiki ingeweza kuruka, lakini majivu yake yangemwangukia nani?

MAONI – Mwezi wa sita mwaka 1959, kwenye kilima cha chuo kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilianza kufanya kazi. Kilipewa jina la TRICO. Miezi mitano baadaye, mbali sana na Congo, kwenye rasi ya Point Loma huko San Diego, Marekani, kikundi cha wahandisi kilirusha chombo kidogo chenye umbo la risasi. Chombo hicho hakikuwa na moto wa kawaida wa roketi. Kilisukumwa na baruti iliyolipuka mara kadhaa mfululizo chini ya kitako chake. Kilipanda makumi ya mita, kikafungua mwavuli na kushuka kizima.

Vitu hivyo viwili vilitoka nyumba moja. Kampuni ya General Atomic ya California ndiyo iliyobuni aina ya kinu kilichokuja Congo, na ndiyo iliyorusha chombo kile cha Point Loma. Wanafizikia Ted Taylor na Freeman Dyson walitia mkono katika kazi zote mbili. Kinu kilibuniwa ili kijizuie chenyewe kikipata joto la kupita kiasi, hata kama anayekiendesha amekosea. Chombo cha Point Loma kilikuwa hatua ya kwanza ya mradi wa namna nyingine kabisa. Uliitwa Orion, na lengo lake lilikuwa kujenga merikebu ya anga itakayosukumwa na mabomu ya atomiki, moja baada ya jingine.

Leo safari ya Mars inazungumzwa tena, na wapenzi wa anga wanalirudisha wazo hilo. Wanasema injini ya milipuko ya nyuklia iliwezekana tangu miaka ya 1950, na kwamba woga wa wanasiasa ndio ulioinyima dunia sayari nyingine. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Nusu nyingine inastahili kujibiwa, na nchi ambayo urani yake iliingia katika mabomu ya kwanza ya atomiki ina haki kubwa ya kuijibu.

Injini inayopigwa mateke

Wazo lenyewe si gumu kulielewa. Ndani ya injini ya pikipiki, petroli inalipuka kwenye silinda, mlipuko unasukuma pistoni, na pistoni inazungusha gurudumu. Stanislaw Ulam, mwanahesabu aliyefanya kazi Los Alamos mahali bomu la kwanza lilipotengenezwa, alijiuliza kwa nini mlipuko mkubwa zaidi usisukume chombo kutoka nje. Mwaka 1955, yeye na mwenzake Cornelius Everett waliandika ripoti ya siri yenye hesabu za jambo hilo.

Mwaka 1958 General Atomic ilianza kazi kwa pesa za serikali ya Marekani. Merikebu ya Orion ingekuwa na sahani nene ya chuma chini yake. Bomu dogo lingetupwa kupitia tundu la katikati ya sahani na kulipuka umbali mfupi nyuma yake. Wingu la gesi yenye joto kali lingeipiga sahani teke. Kati ya sahani na vyumba vya watu kungekuwa na springi kubwa za kupunguza mtikisiko, ili teke lile liwafikie abiria likiwa msukumo wanaoweza kuuvumilia. Kisha bomu jingine, karibu moja kila sekunde.

Faida yake ilikuwa kubwa. Roketi bora za kemikali hutoa gesi yake kwa mwendo wa kilomita 4 na nusu hivi kwa sekunde, na hapo ndipo kikomo chao. Orion ilitarajiwa kuanzia kilomita 20 kwa sekunde kwenda juu. Roketi ya Saturn V iliyowapeleka Wamarekani mwezini ilikuwa na uzito wa karibu tani 3.000, na ilipeleka kuelekea mwezini tani zisizofika 50. Mchoro mmoja wa Orion ulikuwa wa merikebu ya tani 4.000, ambayo ingepandisha tani 1.600 kwenye mzunguko wa dunia. Ndiyo maana watu wa mradi walithubutu kusema watafika Mars mwaka 1965 na Saturn mwaka 1970.

Kilichothibitishwa na kisichothibitishwa

Mtu wa kawaida atauliza mara moja: sahani haiyeyuki? Wahandisi walikuwa na jibu la maana. Joto la mlipuko ni kali mno, lakini linaigusa sahani kwa muda mfupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde, kwa hiyo haliwahi kuingia ndani ya chuma. Katika majaribio ya mabomu kwenye kisiwa cha Eniwetok, bahari ya Pasifiki, tufe za chuma zilizopakwa grafiti ziliwekwa mita 10 hivi tu kutoka kwenye bomu. Baada ya mlipuko ziliokotwa nzima, zimelika ngozi ya juu tu. Mafuta yaliyonyunyizwa juu ya sahani kabla ya kila bomu yangeilinda zaidi.

Basi, kwa upande wa fizikia, wazo halikuwa ndoto ya walevi. Lakini kati ya tufe iliyonusurika mara moja na merikebu inayopigwa mara 800 kuna safari ndefu. Hakuna sahani iliyowahi kupigwa na milipuko ya nyuklia mia mfululizo. Tatizo la bomu linalokataa kulipuka lilibaki gumu: springi zilizokwisha kujikusanya kungoja teke zingerudi kwa nguvu bila kukutana na kitu, na zingeweza kuivunja merikebu yenyewe. Chombo cha Point Loma kilitumia baruti ya kawaida na mapigo machache. Anayesema Orion ilikuwa tayari anaongeza chumvi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeonyesha kuwa haiwezekani, na hakuna aliyewahi kuijenga.

Hesabu ya majivu

Shida kubwa haikuwa juu ya sahani. Ilikuwa chini yake, kwenye hewa inayovutwa na watu wote.

Merikebu ile ya tani 4.000 ingehitaji mabomu yapatayo 800 ili kuondoka ardhini na kufika kwenye mzunguko wa dunia. Yale ya kuanzia yangekuwa madogo, kila moja likiwa na nguvu ya kilotoni 0,14, yaani karibu sehemu moja ya mia ya bomu la Hiroshima. Neno "madogo" linatuliza moyo, lakini linaficha jambo.

Bomu la Nagasaki lilikuwa na kilo 6 hivi za plutoniamu. Tuseme fundi hodari anatumia kilo 2 tu kwa kila bomu la injini. Mabomu 800 yanakula kilo 1.600, zaidi ya tani moja na nusu, kwa kuondoka mara moja tu. Lakini mlipuko wa kilotoni 0,14 unatokana na kupasuka kwa gramu 8 hivi za plutoniamu. Kilo 2 zinaingia, gramu zisizofika 10 zinatumika. Iliyobaki yote inageuka mvuke, halafu vumbi, na nusu ya vumbi hilo bado ipo baada ya miaka 24.000. Injini ya pikipiki yenye tabia hiyo ingemwaga barabarani karibu petroli yote inayotiwa ndani yake.

Juu ya hiyo plutoniamu kuna mazao ya mlipuko wenyewe: iodini inayokimbilia kwenye tezi ya shingo, hasa kwa watoto wanaokunywa maziwa, strontiamu inayojificha kwenye mifupa, sesiamu inayokaa kwenye udongo kwa miongo mingi. Watetezi walitarajia kupata bomu "safi", la hidrojeni tupu lisilohitaji plutoniamu wala urani kuliwasha. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bomu la namna hiyo halijapatikana.

Freeman Dyson hakulikwepa swali hili, na hiyo ni sifa yake. Alikaa chini akahesabu ni watu wangapi duniani wangekufa kwa saratani kutokana na kila safari. Alipata idadi ndogo, ya kuhesabika kwa vidole. Watetezi wa leo wanaitumia hesabu hiyo kama ushindi. Wanasema moshi wa makaa ya mawe unaua watu wengi zaidi kila siku, magari vilevile, na hakuna anayefunga barabara.

Hoja hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Lakini ina matundu mawili.

La kwanza ni kwamba hesabu za milipuko ya nyuklia zimewahi kukosea vibaya. Tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la Bravo kwenye kisiwa cha Bikini. Wataalamu walitegemea megatoni 6 hivi, zikatoka 15. Majivu yaliwaangukia wakaaji wa kisiwa cha Rongelap, yakawaangukia na wavuvi wa Japani waliokuwa kazini baharini. Tarehe 1 Mei 1962, Ufaransa ililipua bomu ndani ya mlima huko In Ekker, kusini mwa Algeria, kwa hesabu kwamba mlima utafunga kila kitu. Mlima ulipasuka, wingu likatoka, na mawaziri waliokuja kutazama wakakimbia pamoja na askari. Hao wote walikuwa wataalamu wa kweli, wenye vyombo bora vya wakati wao.

La pili ni zito zaidi. Anayepanda gari anapata faida ya gari, na serikali yake inaweza kulipwa kodi, kuweka sheria, kumshitaki dereva. Mtoto wa kijijini ambaye angepata saratani kwa sababu watu wanane wa nchi nyingine wamekwenda kutazama pete za Saturn asingepata faida yoyote, asingeulizwa, na asingeweza hata kuthibitisha kwamba ugonjwa wake umetoka huko. Kwenye karatasi yeye ni sehemu ya wastani. Wastani hauna mama wa kumlilia.

Je, siasa iliua sayansi?

Tarehe 5 Agosti 1963, Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilitia sahihi mjini Moscow mkataba unaokataza milipuko ya nyuklia hewani, majini na angani. Haukusema majaribio ya silaha peke yake. Ulikataza mlipuko wowote mwingine wa nyuklia mahali hapo. Orion ilikosa pa kukanyaga. Mwanzoni mwa 1965 pesa ziliisha na mradi ukafungwa. Mwaka huohuo Dyson aliandika kwamba huenda ilikuwa mara ya kwanza katika zama hizi kwa hatua kubwa ya ufundi kuzuiwa kwa sababu za kisiasa.

Wapenzi wa Orion wanaisoma sentensi hiyo kama kilio. Wanasahau jambo moja: Dyson mwenyewe, aliyekuwa amepinga marufuku ya majaribio miaka michache nyuma, alifika mbele ya Seneti ya Marekani mwaka 1963 kuunga mkono mkataba uleule. Ted Taylor, kiongozi wa mradi na mmoja wa mafundi hodari wa mabomu madogo, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuonya kuhusu hatari ya vifaa vya nyuklia kuibwa. Waliokuwa karibu zaidi na injini hii ndio walioelewa mapema kwamba huwezi kuwa na kiwanda cha mabomu madogo, mepesi na ya bei nafuu, yanayotoka kama chupa za bia, halafu ukatumaini yote yatakwenda Saturn.

Jeshi la anga la Marekani, lililokuwa mlipaji mmojawapo, halikuwa na haja kubwa na Saturn. Lilitaka merikebu ya vita ya angani. Inaelezwa kwamba mfano wake ulipoonyeshwa kwa Rais John F. Kennedy, haukumfurahisha hata kidogo.

Kwa hiyo kusema siasa iliua sayansi ni kugeuza mambo. Siasa, safari hii, ilifanya kazi yake: iliwasemea watu ambao hawakuwa chumbani hesabu zilipokuwa zikipigwa.

"Basi tuilipulie mbali"

Kuna jibu ambalo watetezi wanaliweka mwisho, nalo ni bora kuliko mengine. Merikebu, wanasema, ipandishwe vipande vipande kwa roketi za kawaida, iunganishwe mbali na dunia, na mabomu yaanze kulipuka huko, ambako hakuna mtoto wala maziwa. Wanaongeza kwamba siku jiwe kubwa la angani likielekea duniani, nguvu za namna hiyo huenda ndizo zitakazolisukuma pembeni.

Hapo mjadala ni wa kweli. Umbali unabadilisha mambo, na dunia ikikabiliwa na jiwe la kuangamiza miji yote haitabishana juu ya vumbi. Lakini "mbali" lazima iwe mbali kweli. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la Starfish Prime kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki. Taa za barabarani zilizimika Hawaii, karibu kilomita 1.400 kutoka hapo, na setilaiti kadhaa ziliharibika katika miezi iliyofuata. Leo simu, benki na ndege vinategemea setilaiti kuliko wakati ule.

Halafu mamia ya mabomu yangelazimika kupanda kwanza juu ya roketi za kawaida, na roketi za kawaida huanguka. Januari 1978, setilaiti ya Kisovieti ya Kosmos 954, iliyokuwa na kinu kidogo cha urani, ilianguka kaskazini mwa Canada na kutawanya vipande vyenye mionzi kwenye eneo kubwa la barafu. Hicho kilikuwa kinu kimoja. Na hata wote wakikubaliana kwamba hatari hiyo inavumilika, sheria iko wazi: mkataba wa 1963 unahusu anga za mbali pia, na ule wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzunguko wa dunia. Kubadilisha mikataba hiyo ni kazi ya mataifa yote, si ya kampuni moja wala tajiri mmoja mwenye haraka.

Wanaotaka nyuklia angani wana njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani ilijaribu ardhini injini ambazo kinu chake kinapasha hidrojeni joto na kuisukuma nje, bila bomu lolote. Zina hatari zake, na nguvu yake haifikii ndoto ya Orion. Lakini zinaweza kuzimwa. Bomu lililokwisha kulipuka halizimiki.

Congo ina neno la kusema

Mtu wa Likasi au wa Bukavu anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu tangu zamani. Mwaka 1940, Edgar Sengier wa Union Minière alipeleka New York zaidi ya tani 1.000 za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, Katanga. Wamarekani waliyanunua mwaka 1942, na urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi iliyoishia Hiroshima. Wachimbaji walibeba mawe yale bila kuambiwa ni ya nini wala yanawafanya nini miilini. Mwaka 2004, baada ya serikali kuamuru mgodi ufungwe, wachimbaji wadogo waliendelea kuingia. Mwezi wa saba sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Hata mwisho wa hadithi, aliyelipa alikuwa yuleyule.

Kinu cha Kinshasa nacho kilileta haki isiyojulikana na wengi. Mkataba wa 1996 wa kukomesha majaribio yote ya nyuklia hauwezi kuanza kutumika mpaka nchi 44 zilizotajwa ndani yake, zenye vinu vya nyuklia, ziuidhinishe zote. RDC ni mojawapo, na iliuidhinisha mwaka 2004. Marekani na China zilitia sahihi lakini hazijauidhinisha hadi leo. Urusi iliondoa idhini yake mwaka 2023. Nchi ambayo wakubwa huizoea kama shimo la madini imetimiza wajibu wake mbele ya wakubwa hao.

Kinshasa isiiache nafasi hiyo ilale kwenye makabati. Kila inapokutana na mataifa hayo kuzungumzia kobalti, shaba au urani, iwe na swali hili mezani: mtauidhinisha lini? Na kila mtu anapouliza tena kama injini ya milipuko ya nyuklia inawezekana, jibu lisiishie kwenye nguvu ya springi na unene wa sahani. Injini ambayo haiwezi kuondoka ardhini bila kumwaga sumu yake juu ya watu wasioulizwa haijawezekana bado, hata kama inaruka.